Sindano Inayopapasa Damu ya Tyson

Zipporah alikuwa jikoni akimenya viazi vitamu aliposikia mtu akiuliza habari za mwanawe. Mlangoni alisimama jirani yake, Maurine, mfanyakazi wa maabara mjini Kakamega.

"Mama Tyson, mbona siku hizi hamkuji kliniki?"

Tyson alilala kitandani akiugulia miguu. Alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto hurithi kwa wazazi wote wawili. Lakini Zipporah aliogopa maabara kuliko ugonjwa. Kwao Kabras, damu ikimwagika hufukiwa upesi, adui asije akaichezea. Naye alikuwa amesikia kwamba damu aliyotoa Tyson kwa utafiti katika maabara ya akina Maurine imewekwa ikiwa hai, na inaguswa kwa sindano.

"Mkiidunga huko, mtoto anaumia huku," alisema. "Sisi hatuachiangi watu damu. Mtaniulia mtoto!"

Maurine hakucheka. "Mficha maradhi kifo humuumbua, dada yangu. Ogopa, lakini kesho uje uone."

Kesho yake Zipporah alifika maabara, Tyson kamng'ang'ania mapajani. Maurine alitoa tone la damu ya mtoto, akaliweka kwenye maji yanayozitunza seli zikiwa hai.

"Hadubini zingine hutazama," alisema akionyesha mashine mezani. "Hii ya nguvu za atomi hupapasa. Ncha yake, hiyo sindano uliyosikia, ni ndogo kuliko seli. Inabonyeza pole, vile unabonyezanga avokado sokoni Lubao kujua kama imeiva."

"Ya nini sasa?"

"Seli nzuri ni laini, inapenya mishipa midogo. Ya selimundu ni ngumu, inakwama. Hapo ndipo maumivu yanatoka. Tunatafuta dawa ya kuilainisha. Haya, inagusa sasa."

Zipporah hakutazama kioo cha mashine. Alimkodolea macho mwanawe, akingoja mayowe.

Tyson akapiga miayo. "Mama, nasikia njaa."

Zipporah aliangua kilio.

"Damu ikishatoka, mwili hauisikii tena," Maurine alisema. "Mashine hii haimtibu, inatufundisha tu. Dawa yake iko kliniki."

Walikwenda siku hiyo hiyo. Sasa Tyson hunywa dawa kila siku na maji mengi, na hulala ndani ya neti mbu wasimletee malaria. Maumivu yamepungua, na shule haikosi ovyo.

Hofu haijamwisha Zipporah. Kila siku ya kliniki husita kwanza mlangoni. Huenda hivyo hivyo, kamshika mtoto mkono.