Mti Usio na Chokaa

Mashine ilionyesha mioyo miwili, na kifuani mwake alikuwa na mmoja tu.

"Ni hizo waya zako," mwanafunzi alimwambia mwenzake wa mradi, ambaye darasa zima la uhandisi wa tiba lilimwita Fundi.

Fundi akabadilisha waya. Mioyo miwili. Mmoja ulikwenda mbio, kama wa yeyote anayetakiwa kukabidhi utafiti Ijumaa. Wa pili ulipiga pigo moja, ukakaa kimya weee, kisha ukapiga jingine. Mchana kweupe, madirisha yamefungwa, na maabara ilinuka majani mabichi.

"Vibandue," Fundi alinong'ona.

Vihisi, vile vidude vya kusikiliza moyo, havikubanduka. Mwanafunzi alikuwa amevigandisha kifuani mwake kwa utomvu wa mti kutoka msitu wa kijiji, maana huo ndio ulikuwa utafiti wao: gundi isiyochubua ngozi ya mgonjwa. Sasa alivuta, na ngozi ikanyanyuka navyo.

Kesho yake kijijini, bibi mwenyekiti wa kamati ya msitu hakuitikia hata shikamoo.

"Uligema mti gani?"

"Ule mnene, karibu na kijito."

"Ulikuwa na chokaa?"

Mwanafunzi akainama. Kamati hupaka chokaa kila mti unaoruhusiwa kugemwa. Yeye aliikuta miti hiyo yote imekauka utomvu, na ule mmoja umejaa, akajisemea kwamba wamesahau kuupaka.

"Hatukusahau, mjukuu wangu. Ule una mwenyewe."

Walikwenda wote watatu, jua likiwa utosini. Bibi akaweka kiganja kwenye jeraha la gome, akaomba radhi kwa sauti ya chini, akamwambia mwenye mti achukue chake. Vihisi vikadondoka kimoja kimoja. Mwanafunzi akamkumbatia bibi huku akilia kwa furaha.

"Ngoja tuhakikishe," alisema Fundi, akawasha mashine waliyokuja nayo, akamrudishia vihisi, safari hii kwa plasta. Mstari ukanyooka. Akavihamisha huku na kule, mstari haukutikisika, mpaka mwishowe akavibandika kwenye gome, na mashine ikaanza kulia moyo mwepesi, wenye hofu, moyo aliokuwa ameupima miezi minane na ambao angeutambua popote.

"Nilimwambia achukue chake," bibi akanong'ona. "Sikumwambia ni kipi."

Mwanafunzi akatimua mbio, akavuka kijito, na hatua chache ng'ambo miguu ikamlegea, pumzi ikakata, macho yakaingia giza, Fundi akamburuta hadi shinani ndipo akapumua, akainuka akajaribu njia ya barabarani, akaanguka tena, akaburutwa tena, mara ya tatu akatambaa kwa magoti na bado hakufika hata kwenye uzio wa msitu.

Basi akakaa, mgongo kwenye gome.

"Tutakuletea blanketi," Fundi alisema, akiangalia pembeni.

Juu ya vichwa vyao kigong'ota alitua kwenye shina, akachagua mahali, akaanza kudonoa. Mwanafunzi akapiga yowe, akashika mbavu zake.