Kimya Baada ya Wimbo wa Tatu

Giza lilikuwa linaanza kuingia mjini Tipton wakati Denise Tranter alipotoka dukani na samaki na chipsi za kaka yake, kifurushi kikimchoma kifua kupitia koti. Ijumaa ni samaki, iwe mvua iwe jua. Kelvin alikuwa hajaonekana kiwandani wiki nzima, na wenzake walimwambia Denise, tena wakicheka, kwamba jamaa kaoa santuri.

Denise hakucheka. Tangu mkewe Maureen azikwe, Kelvin hakuwa na mtu wa kumlazimisha kula isipokuwa dada yake, na Denise naye hakuwa na ndugu mwingine duniani. Akimpoteza huyu, basi tena.

Kwenye daraja la mfereji alimkuta Bi Ivy Pargeter amesimama mvuani bila mwavuli. Mji mzima ulimjua. Mwanawe Lenny ndiye aliyekuwa mwimbaji wa Sallow Gate, vijana wa mitaa hii hii waliotikisa Uingereza yote, mpaka asubuhi ile Lenny alipokutwa amekufa, akielea mferejini.

"Kaka yako anayo?" Bi Ivy akanong'ona.

"Anayo nini, Bi Ivy?"

"Hiyo santuri mpya. Ya nyimbo zao bora."

"Nani hana? Hata paka wa kasisi anayo."

Bi Ivy hakutabasamu. "Wimbo wa mwisho wa Lenny haumo. Mimi ndiye niliyewapigia magoti wauache. Haukuwa wake, mwanangu. Aliusikia ukiimbwa mle..." Akanyoosha kidole kwenye handaki, pale mfereji unapoingia chini ya kilima. "Aliuimba, akaupenda. Kisha wenye wimbo wakamfuata."

"Sasa si umeshaachwa?"

"Umeachwa kwenye santuri. Kwenye vichwa vya watu je?"

Akageuka akaenda zake. Denise akamwonea huruma. Uchungu wa mwana, alijisemea, akaharakisha kabla samaki hajapoa.

Mlango wa Kelvin haukuwa umefungwa. Gitaa lilikuwa linanguruma hadi vikombe vinatetemeka kabatini. Kelvin alikaa kwenye kiti chake mbele ya gramafoni, ndevu zimemjaa, mashavu yameingia ndani. Na chumba kilinuka. Si jasho tu. Kilinuka maji ya mfereji.

"Kaka, unanuka wewe! Nguruwe akikuona atahama mtaa."

"Shhh. Kaa. Sikiliza."

"Kwanza kula."

"Zile santuri zangu za zamani nimezigawa zote, Dee. Za nini tena? Humu wamechambua mchele, mawe wakayatupa. Hakuna wimbo wa kuvumilia, hakuna wa kuruka. Ukitua sindano tu, una miaka kumi na saba, na Maureen yuko getini na ile sketi yake ya kijani."

Denise alitaka kumkaripia, lakini mguu wake ulikuwa umeshaanza kugonga sakafu. Ni kweli. Wimbo mmoja ukiisha, mwingine mzuri zaidi unaingia, na miaka yote ya uchovu inakutoka mwilini. Kwa dakika chache alikuwa msichana tena, ukutani kwake kukivuma muziki wa chumba cha kaka. Alifurahi, na furaha ile ilimwuma.

Wimbo wa tatu ukaisha.

Kimya.

Kwenye santuri ya zamani, baada ya wimbo huu ulikuwa ukifuata ule wa mwisho wa Lenny. Kijana aliyewajua Sallow Gate kwa mkusanyiko huu asingejua kitu. Angekaa kimya, angengoja wimbo wa nne. Ila mtu aliyekua akisikiliza ile ya zamani, mwili wake wenyewe unautarajia ule uliotolewa. Bega linapanda. Koo linafunguka.

Kelvin akaguna noti mbili za mwanzo za ule wimbo.

Nyuma ya kiti... mtu akaimba neno la kwanza.

Sauti ya mwanamke.

Papo hapo ngoma za wimbo wa nne zikaanguka kwa kishindo, na ile sauti ikakatika.

Denise alitazama nyuma ya kiti. Ukuta tu, na karatasi yake ya maua imelowa toka juu hadi chini.

"Umemsikia?" Machozi yalikuwa yanamtoka Kelvin. "Ni Maureen. Kila nikimwanzishia, ananipa neno moja."

"Maureen? Maureen alikuwa hajui kuimba, Kelvin! Kanisani walimwomba afungue mdomo tu, asitoe sauti."

"Huko alikokwenda amejifunza."

Alisema hivyo huku akitabasamu, na Denise akaona midomo yake ilivyo ya bluu. Akaona na viatu vyake. Vilikuwa vinachuruzika maji, na zulia chini yake lilikuwa limekolea weusi kama limetoka kuoshwa.

"Tunaondoka. Sasa hivi. Utalala kwangu."

"Mara moja tu, Dee. Ya mwisho."

Mkono wake ukaenda kwenye gramafoni, ukarudisha sindano nyuma, karibu na mwisho wa wimbo wa tatu. Denise alimvuta bega. Hakusogea. Mwanamume aliyekonda vile alikuwa mzito kama gunia la mchanga uliolowa.

Gitaa likafifia. Bega la Kelvin likapanda.

Denise hakungoja. Aliinyakua santuri ikiwa bado inazunguka, sindano ikapiga ukelele, akaipiga kwenye ukingo wa meko. Ikavunjika vipande.

"Basi!" alipaza sauti, anahema. "Imekwisha. Haya, inuka."

Kelvin hakukasirika. Alimtazama dada yake kwa huruma, na hapo ndipo Denise alipoogopa hasa.

"Umefanya nini, Dee?" alinong'ona. "Wimbo wa nne ndio uliokuwa unamkatiza."

Kimya.

Hakuna ngoma iliyoingia. Hakuna kilichofuata. Kile kimya kilienda tu... kikaenda... na koo la Kelvin likafunguka lenyewe, mwenyewe akitikisa kichwa kukataa. Noti mbili.

Nyuma ya kiti sauti ikaimba neno la kwanza. Kisha la pili. Kisha la tatu, polepole, bila haraka yoyote, kama mtu anayejua hakuna wa kumzuia. Ubeti wa kwanza ukaisha wote. Maji yakaanza kumtoka Kelvin pembeni mwa mdomo.

Denise alirukia redio, akazungusha kitufe. Hola. Kelvin alikuwa ameing'oa spika yake akaiongeza kwenye gramafoni. Akapiga ukuta wa jirani kwa ngumi. Ijumaa jioni, wote wako baa.

Basi akamshika kaka yake makwapani, akaanza kuimba.

Aliimba chochote. Nyimbo za Krismasi, za kubembeleza watoto, za kushangilia mpira. Aliimba kwa sauti ya kupasuka, huku anamvuta Kelvin, na kweli, ile sauti ikanyamaza! Maji yakakoma. Kelvin akakohoa, akaingiza hewa, macho yake yakamtafuta Denise.

"Usi... usiache," alisema.

Hakuacha. Lakini hata mwimbaji wa kanisani lazima avute pumzi. Denise alipovuta, nyuma ya kiti likaongezeka neno moja. Akaimba haraka zaidi. Alipovuta tena, neno jingine, na maji tena. Kiti hakikusogea hata kidogo. Sauti ilianza kukwaruza, na Kelvin alimkazia macho kama mtoto anayefundishwa kuogelea.

Wimbo wa Lenny, Denise aliujua wote kwa moyo. Ulikuwa na beti mbili tu, na wa pili ulikuwa umeshaanza.