Kopo la Dirishani

Siku ya lile kopo, mjinga alikuwa dereva wa tingatinga, na hakuna haja ya kumtafutia wakili.

Yeye na mpenzi wake walikuwa wamejuana mlangoni mwa kantini ya kiwanda, zamu zikipishana, watu wakisukumana. Mwanamke wa maabara, koti jeupe na kitambaa cha zambarau kichwani, alimkuta kajaa vumbi la kahawia mpaka kwenye kope.

"Kaka, umetoka kazini au kaburini?"

"Nilikuwa nakutafuta, mrembo."

"Oga kwanza, ndipo nipatikane."

Akaoga. Simu zikaanza, za kuchemsha sikio.

Kiwanda chao kilipokea vumbi kutoka matanuri ya chuma na kulichoma upya. Zinki iliyojificha humo ilipanda kama mvuke, ikanaswa juu, ikatoka unga mweupe. Kazi hiyo ilimwambukiza dereva ugonjwa mmoja: hawezi kuona vumbi limekaa bure. Alipokuta kopo la vumbi dirishani kwa mpenzi wake, akadhani ni sampuli iliyosahaulika. Akaenda kulimwaga kwenye lundo la kiwandani, akarudisha kopo linang'aa, akitabasamu kama aliyeleta zawadi.

Mwanamke alikaa kitandani taratibu.

"Vumbi lile nililikung'uta kutoka ovaroli ya marehemu mume wangu, zamu yake ya mwisho. Upepo ukipita hapo jioni, namsikia akikohoa."

"Mpenzi, sikujua."

"Hukuuliza."

Simu zikafa. Dereva naye akaanza kukisikia kikohozi, ndani ya tanuri, kila alipolilisha vumbi la lile lundo. Alizima injini, akatega sikio. Kikaja tena, kikavu, cha mtu mwenye subira. Wenzake wakacheka kwamba mapenzi yamempanda kichwani.

Akarudi kwa mwanamke na kopo jingine, limejaa unga wa tanuri, shati limepigwa pasi.

"Nimemrudisha. Yumo humu."

Mwanamke akachungulia ule unga mweupe. "Hii ni zinki ya lundo zima, baba. Hata maabara haiwezi kumtenga."

"Mimi nimemsikia."

Wakaliweka dirishani, wakangoja bila kushikana mikono. Pazia likainuka. Kikohozi kikatoka, karibu kabisa na bega la dereva. Mwanamke akafumba macho, akatabasamu, chozi likamshuka.

"Nataka kukuoa," dereva akasema. "Lakini chumba kimoja, wanaume wawili? Huyu ataondoka lini?"

"Huyu hajawahi kugusa kitu changu bila kuniuliza. Aliye kwenye majaribio ni wewe."