Gia ya Kushukia Usangi

Kila asubuhi, mama alipoweka bakuli la uji na dawa kando ya kitanda, Lukia alikuwa tayari kusafiri. Dirisha la chumba chake pale Hedaru lilitazama barabara kuu, na mlio wa lori moja tu ulitosha kumpeleka anakotaka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa anatibiwa kifua kikuu. Miezi miwili ya sindano ilikuwa imekwisha. Ikabaki sita ya kumeza kidonge kila siku na kupumzika. Miezi sita! Mtu anaweza kuota mizizi kitandani.

Lukia hakuota mizizi. Baba yake, Iddi, alikuwa dereva wa lori, na kabla ya ugonjwa alimchukua kila likizo. Basi Lukia alifumba macho akazirudia safari zile: Same, Mwanga, kisha juu kabisa Usangi, ambako walipeleka sukari na sabuni zilizoanza kuonekana tena madukani, wakarudi na ndizi. Baba akiwapo nyumbani, alichungulia mlangoni.

"Leo tuko wapi, utingo wangu?"

"Tunapanda Kikweni, Baba."

"Gia gani?"

"Namba mbili!"

Wakacheka wote wawili.

Mwezi wa nne wa matibabu kikohozi kilikoma na mashavu yakajaa. "Umenawiri, mtoto!" majirani walimsifu. Hapo kidonge kikaanza kumchosha, maana kilikuwa kichungu na kilimchafua tumbo. Mzima anywe dawa ya nini? Siku moja alikificha chini ya ulimi, na mama alipogeuka, akakitema. Kesho yake akafanya vilevile. Siku ya sita, vidonge sita vilikuwa ndani ya soksi chini ya godoro.

"Umekunywa?" mama aliuliza.

"Nimekunywa, Mama." Uongo ule ulimtoka laini kama uji.

Jumatatu baba alichungulia. "Leo tuko wapi?"

"Tunashuka kutoka Usangi."

"Gia gani?"

Lukia aliikumbuka siku waliyoshuka mlima ule. Mwaka ule dizeli ilikuwa adimu, na Majaliwa, utingo wa baba, alikuwa amesema, "Mzee, kupanda tumemaliza. Toa gia, lori lijishukie lenyewe, tubane dizeli." Baba akakataa: "Gia iliyokupandisha ndiyo itakayokushusha." Kona mbili mbele walikuta lori la mwenzao limelala bondeni, ndizi zimetapakaa, na dereva ameketi juu ya jiwe ameshika kichwa. Lilikuwa limeshuka bila gia.

"Baba," Lukia alisema, kisha akaangua kilio. "Mimi nimetoa gia."

Akaivuta ile soksi. Baba alimimina vidonge kiganjani, akavihesabu. Hakugomba.

"Vaa viatu," alisema. "Twende zahanati."

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, Lukia. Mbona macho mekundu?" aliuliza Nesi Evaline.

Lukia aliona haya, lakini alieleza yote mwenyewe, na baba hakumsaidia hata neno moja.

"Kikohozi kimekwisha, vijidudu havijaisha," nesi alimwambia. "Ukiacha dawa katikati vinarudi kwa ukali, na huenda dawa hii isiviweze tena."

"Nitapona?" Lukia aliuliza kwa hofu.

"Ukiimaliza. Ni vizuri umesema mapema. Siku sita ulizoruka, utazilipa mwishoni. Na kuanzia leo, mama atakuangalia mpaka umeze."

Alizilipa zote. Siku nesi alipofunga kadi yake na kutamka kwamba amepona, mama alilia kwa furaha mbele za watu.

Wiki iliyofuata Lukia alikuwa ndani ya lori, shehena ya ndizi nyuma, Usangi ikibaki juu yao. Mteremko ulipoanza, baba alimtazama.

"Gia gani?"

"Namba mbili, Baba. Mpaka chini."

"Ndiyo hivyo, mwanangu. Kupata nafuu si kupona, na kufika kileleni si kufika nyumbani. Ulipokosea ulisema kweli, ndiyo maana leo tuko pamoja hapa."

Lori likashuka polepole, kona baada ya kona. Safari hii Lukia hakufumba macho.