Sauti Chini ya Gari ya Donat

Rafiki yangu Donat si mutu wa uongo. Taa ya freni ilikataa kuzima katika gari yake kuukuu, akaipeleka kwa fundi Bashige, mtaa wa Katindo. Fundi akamwambia akae kwenye usukani. Mara mvua ikapiga mabati, umeme ukakatika, gereji ikawa giza tupu.

“Kanyaga!” ikaita sauti chini ya gari. “Shika! Achia! Kanyaga, mujinga!”

“Fundi, usinitukane! Mimi si mutoto wako!”

Lakini akakanyaga freni, kwa hasira, mpaka goti likamuuma.

Kisha mlango ukafunguka. Bashige akaingia na tochi, amelowa, mkononi chupa ya mafuta ya freni aliyotoka kununua.

“Papa Donat, nani alikuambia ukanyage?”

Donat akaondoa mguu.

Chini ya gari sauti ikanguruma: “Na nani amekuambia uachie?”