Picha ya Kiangazi

Mtaa mzima ulimwita Mama Mikeka kwa sababu ya kazi yake. Asubuhi hiyo alikuwa anasuka mkeka wa matete mlangoni mumewe alipofika na ramani ya barabara mpya, iliyochorwa juu ya picha ya eneo lao. Barabara ilikata katikati ya kinamasi, nyuma ya nyumba yao.

"Wameandika ni ardhi tupu," mume alisema. "Watamwaga kifusi, wasawazishe."

"Na maji ya masika yaende wapi? Yaje kulala kitandani kwangu?"

"Picha imepigwa na setilaiti, mke wangu. Utabishana na mbingu?"

"Nitabishana nayo."

Akaichukua, akaenda kwa jirani, mchora ramani. Jirani aliitazama picha, kisha akauliza, "Dada, matete ya kinamasini mnakata lini?"

"Kiangazi. Mtaa mzima, siku moja. Hatubakizi kitu."

"Basi picha ilipigwa mkiwa mmeshafyeka. Setilaiti haikudanganya. Iliona mlichoacha."

Mama Mikeka aliumia. Walikuwa wamejifuta wenyewe kwenye ramani.

"Usinyong'onyee," jirani alisema. "Setilaiti hupita mwaka mzima. Nyingine huona maji hata kukiwa na mawingu. Tathmini ya mazingira inatakiwa ilinganishe picha za kiangazi na za masika, kabla barabara haijapitishwa. Idaini hiyo picha ya masika. Ni haki yenu."

Kwenye mkutano wa kujadili barabara, mhandisi wa mradi alisoma taarifa haraka haraka na kukunja karatasi zake. Mama Mikeka alisimama.

"Tunaomba picha ya masika."

"Mama, muda umekwisha."

"Wako. Wangu bado."

Akatandika mkeka wake mlangoni, akaketi. Majirani wakaja kuketi naye, mumewe akiwa wa kwanza. Ukumbi ulikuwa na mlango mmoja tu. Mhandisi alishusha pumzi, akafungua kompyuta.

Picha ya masika ilitokea ukutani. Palipoandikwa ardhi tupu palikuwa maji matupu, mpaka nyuma ya nyumba zao.

"Lile ni jiko letu," mume alisema.

Wiki iliyofuata mhandisi alikuja kinamasini na mabuti, akazama hadi magotini. Barabara ikahamishiwa mwinukoni.

Masika yalipofika, maji yalijaa kinamasini na kuishia humo. Kitanda cha Mama Mikeka kilibaki kikavu.

Kiangazi kilipokaribia, mumewe aliuliza, "Mwaka huu tukate kidogo kidogo, wasije wakakosea tena?"

Mama Mikeka alikuwa ananoa mundu.

"Tutakata kama kawaida," alisema. "Wao ndio wajifunze kutazama."