Udugu Alioubuni Ntinyari

"Asali hii narudi nayo, Mama Ntinyari. Niachie kibuyu!"

"Sikuachii! Mzee Baariu, mtu huleta asali ya posa Jumapili akaja kuiondoa Ijumaa? Mmetuona watoto wadogo?"

"Nimekuheshimu siku zote. Usinifanye nivutane na mwanamke mbele ya kuku."

"Basi usivutane. Iache ilipokuwa!"

Ntinyari alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani kutoka shuleni, mkoba mgongoni. Alimkuta mama yake ameshika kibuyu upande huu na Mzee Baariu ameshika upande ule. Shangazi Kangai, mwenye arusi, alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa maharagwe.

Mzee Baariu alikuwa baba mdogo wa Kirianki, kijana aliyetaka kumwoa Kangai. Ni yeye aliyeleta asali hiyo kwa niaba ya ukoo wao. Ilikuwa bado haijafunguliwa, kwa kuwa wazee wa pande zote mbili walipaswa kukutana kwanza.

"Mama Ntinyari, achilia," alisema Mutuma, baba yake Ntinyari. Mutuma alikuwa mtu wa maneno machache. "Mzee, keti. Tuambie kosa letu."

Mzee Baariu hakuketi. "Hakuna kosa. Tumegundua kwamba nyinyi ni gichiaro wetu. Sasa niambie, Mutuma, tutamwoaje dada yetu?"

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Koo mbili zilizofungwa gichiaro na mababu ni ndugu. Gichiaro wako akikuomba chakula humnyimi. Akikuuliza jambo humdanganyi. Na binti yake humwoi, hata umpende namna gani.

"Sijawahi kusikia hilo," Mutuma alisema taratibu. "Nani amesema?"

"Dada yangu Ciambaka. Juzi tulipomtajia boma la bibi arusi, aliweka kikombe chini. Akasema, hao ni gichiaro wetu, arusi hiyo isimame."

"Na yeye alijuaje?"

"Aliambiwa na mtu wa hapa hapa." Mzee Baariu aliinua fimbo yake akaielekeza karibu na ghala la mahindi. "Huyo mwenye sweta ya kijani."

Macho yote yalimgeukia Ntinyari.

"Wewe!" mama yake alisema. "Ulimwambia Nyanya Ciambaka kwamba sisi ni gichiaro wao?"

"Ndiyo, mama."

"Ulilitoa wapi neno hilo?"

Hapo ndipo Ntinyari angeweza kulimaliza jambo lote. Lakini aliiona fimbo, akaliona jasho kwenye uso wa mama, na mdomo wake ukatangulia.

"Babu ndiye aliyeniambia."

Babu M'Ikiugu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alipokuwa hai, watu walitoka mbali kuja kumuuliza ni koo zipi zinazoweza kuoana na zipi haziwezi. Kama M'Ikiugu alisema, basi alisema. Mutuma alikuna kidevu. Mama aliachilia kibuyu.

"Mmesikia wenyewe," alisema Mzee Baariu, na safari hii sauti yake ilikuwa ya upole. "M'Ikiugu hakuwa mtu wa maneno ya ovyo. Hata mimi nimeumia. Kijana wetu hajala tangu juzi." Alikipakata kibuyu kama mtoto mchanga, akatoka.

Ukweli ni kwamba babu hakuwahi kumwambia Ntinyari neno lolote la namna hiyo.

Mambo yalianzia langoni mwa shule. Nyanya Ciambaka aliuza masega ya asali iliyotoka kwao Tharaka, akiyafunika kwa sufuria ili nzi wasiyafikie. Kanario, rafiki wa Ntinyari wa darasa la sita, ambaye ukoo wao ulikuwa gichiaro wa nyanya kweli, alikuwa na desturi ya kumwendea mikono mitupu. "Nyanya, gichiaro wako ana njaa," angesema. Nyanya angecheka na kumkatia kipande. "Kula, mnyang'anyi wangu wee! Nikikunyima si nitaota pembe?"

Ntinyari alikuwa akisimama kando akimeza mate. Siku moja uvumilivu ulimwishia. "Kesho na mimi nitakuwa gichiaro," alimwambia Kanario. Kanario alicheka mpaka akashika mbavu. Alidhani ni mzaha.

Haukuwa mzaha. Kesho yake Ntinyari alijitokeza mbele ya sufuria akasema maneno yale yale.

"Wewe ni wa boma gani?" Nyanya Ciambaka alimuuliza, akimkazia macho.

"La M'Ikiugu."

"Kumbe! Na nani alikwambia habari hizo?"

"Babu mwenyewe, kabla hajafa."

Nyanya alikata kipande kikubwa kuliko vyote. Kisha akamtemea mate kidogo kifuani kumbariki, kama mtu anavyombariki mjukuu wake. Tangu siku hiyo Ntinyari alikula asali kila siku ya shule. Wala hakuona kwamba kuna mtu aliyeumia. Asali ilikuwa nyingi, na nyanya alikuwa akicheka.

Sasa Shangazi Kangai aliketi kwenye kigoda akaanza kuchambua maharagwe. Aliyatupa mabovu kwa nguvu hadi kuku wakayakimbia.

"Mutuma," alisema, "mimi ni binti wa M'Ikiugu. Nimempikia uji miaka yote ya ugonjwa wake. Hakuniambia mimi, akamwambia mtoto?"

"Labda alidhani unajua," Mutuma alijibu. "Wazee wakikutana nitasema alichosema baba. Siwezi kukuoza kwa gichiaro. Watoto wako wakiugua kwa laana hiyo, nitamtazama nani usoni?"

"Sijakuomba unioze. Nimeuliza tu." Kangai alivuta pumzi. Kisha akamwita Ntinyari, akamshika bega. "Usijikunyate hivyo kama paka aliyelowa. Sina hasira nawe. Wewe umesema uliloambiwa. Ni heri limejulikana leo kuliko baada ya arusi. Umeniokoa."

Ntinyari angependelea kofi. Kofi lingeuma kidogo na kwisha. Lakini kushukuriwa kwa uongo, na anayekushukuru ni mtu ambaye uongo huo umemnyang'anya mchumba, kusingekwisha. Alimwona shangazi yake akiinuka, akiikunja leso yake mpya ya arusi, akiitafutia mahali chini kabisa ya sanduku.

"Shangazi, usiiweke," alisema.

"Nifanye nini nayo, nipangusie meza?"

"Babu hakusema. Nilisema mimi. Nilitaka asali."

Mama alikuwa akikoroga mukimo wa viazi na mahindi. Mwiko ulisimama.

"Rudia," alisema.

Ntinyari alirudia. Alisema yote, kuanzia sufuria ya nyanya mpaka fimbo ya Mzee Baariu. Alipomaliza, Kangai alikuwa ameikumbatia leso kifuani, macho yamemtoka. "Wewe mtoto!" alisema. "Wewe mtoto, nikikukamata!" Lakini hakumkamata. Aliketi juu ya sanduku.

Mama hakupiga kelele. Aliepua sufuria, akafuta mikono kwenye kanga.

"Vaa viatu."

"Tunaenda wapi, mama?"

"Kwa mtu uliyemdanganya. Au ulidhani ukiniambia mimi yamekwisha? Mimi sikukupa asali."

"Jioni imeingia," alisema Mutuma. "Kesho..."

"Kesho Baariu atakuwa ameshautangazia ukoo mzima. Sasa hivi."

Nyanya Ciambaka aliishi nyuma ya shule. Walimkuta akipepeta mtama uani. Aliwapokea kwa furaha. "Karibuni, gichiaro zangu! Nimewaharibia arusi, lakini nimewarudishia udugu. Ketini, niwape uji."

"Hatutakunywa, nyanya," mama alijibu. "Mtoto huyu ana neno. Sema, Ntinyari. Na usimtazame mbuzi, mtazame nyanya."

Ntinyari alimtazama nyanya. "Sisi si gichiaro wako. Nilikudanganya ili nile asali. Babu hakusema lolote. Nisamehe."

Ungo ulitua chini. Uso wa Nyanya Ciambaka ulibadilika taratibu, kama mtu anayekumbuka kila kipande alichokata.

"Nilikubariki," alisema. "Nilikutemea mate kifuani."

"Ndiyo, nyanya."

"Sasa ngoja nami nikuulize. Wakati ule ilikuwa kweli kwa sababu ya asali. Leo ni uongo kwa sababu ya arusi. Kesho itakuwa nini? Nitajuaje kwamba hamkukaa jikoni kwenu mkapanga mumwokoe Kangai? Mimi nikiruhusu, na kumbe ni gichiaro kweli, nani atabeba hilo? Mimi!"

Ntinyari alimtazama mama yake. Mama alitikisa kichwa. "Ana haki ya kuuliza," alisema. "Mimi sina cha kumwonyesha. Neno lako ulishalila pamoja na masega."

Ntinyari alifikiri haraka. Nani mwingine aliyesikia? Lilikuwepo jina moja. Lakini kulitaja kulimaanisha rafiki yake asimame amshtaki mbele ya mama yake.

"Kanario anajua," alisema hatimaye. "Muulize yeye, nyanya. Yeye ni gichiaro wako wa kweli. Hawezi kukudanganya."

Kwa mara ya kwanza nyanya alitikisa kichwa kwa kukubali. Aligeukia ua wa jirani na kupaza sauti. "Kanario! Eee, Kanario! Njoo hivyo hivyo ulivyo!"

Kanario alitokea akiwa amesukwa nywele upande mmoja, upande wa pili umesimama kama ufagio. Alipomwona Ntinyari na mama yake, hatua zake zilipungua.

"Mimi ni nani kwako?" Nyanya alimuuliza.

"Gichiaro wetu."

"Basi nijibu kama unavyomjibu gichiaro. Huyu aliniambia koo zetu zimefungwa. Wewe unajua nini?"

Kanario alimtazama rafiki yake. Ntinyari aliinamisha kichwa mara moja: sema.

"Alisema kesho yake na yeye atakuwa gichiaro, ili apewe asali," Kanario alisema kwa sauti ndogo. "Nilicheka. Nilidhani hatathubutu. Kisha nikamwona anakula kila siku, nikanyamaza. Hukuniuliza, nyanya."

"Sikukuuliza, kweli. Leo nimekuuliza na umenijibu." Nyanya Ciambaka alishusha pumzi ndefu. "Mtoto wa gichiaro wangu hanidanganyi. Yamekwisha."

Alichomoa simu kutoka kwenye fundo la leso, akaiweka mbali na sikio kana kwamba inaunguza.

"Baariu! Uko wapi na hiyo asali? ... Kwa kinyozi? Geuka, uirudishe ulikoitoa. ... Si gichiaro, nimehakikisha mwenyewe. ... Miguu inakuuma? Mbona mchana haikukuuma ukienda kuvunja arusi ya watu? Geuka! Na umwambie Kirianki ale."

Mama alishindwa kujizuia, akacheka. Kisha akamgeukia Ntinyari, na kicheko kikaisha.

"Upepo ulipong'oa mabati ya nyanya, nani alikuja kuyarudisha?"

"Baba yake Kanario."

"Na nyanya alipolazwa, mboga zake zilimwagiliwa na nani?"

"Kina Kanario."

"Sasa elewa. Kanario hali asali ya bure. Kwao wanaitwa na wanaitika, usiku au mchana. Huo ndio udugu. Wewe ulichukua upande wa kula tu, ukaacha upande wa kubeba. Halafu ukamtia marehemu babu yako mdomoni maneno yasiyo yake, na mtu asiye na kosa akakunja leso yake. Tena uliulizwa mara ya pili, mbele ya baba yako, ukadanganya tena. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ukikosea, sema siku ile ile, kosa likiwa bado dogo. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Asali yangu sitaidai," alisema Nyanya Ciambaka. "Imeshakuwa damu. Lakini baraka yangu nimeirudisha. Utaipata tena siku utakapostahili."

Ntinyari alizungusha macho uani. Karibu na mlango kulikuwa na dumu tupu na kamba yake ya kubebea. Alilifuata, akalishika.

"We, dumu langu unalipeleka wapi?" nyanya aliuliza.

"Mtoni. Nitakuletea maji leo, na kila nikitoka shuleni, mpaka muhula uishe."

"Nani amekutuma? Usije ukaniambia ni babu yako!"

Kanario alipasuka kwa kicheko. Hata mama alifunika mdomo.

"Hapana, nyanya," alisema Ntinyari. "Ni mimi mwenyewe."

Akaivaa kamba kwenye paji la uso, dumu likamkaa mgongoni, akashika njia ya mtoni.